Cherero wamemaliza alizeti yangu Naivasha, na sasa wamemfukuza kigogota kwenye tundu lake. Tusaidiane

MkulimaKongoni (mwenye uzi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kutoka Kongoni, Naivasha. Nina robo ekari ya alizeti nyuma ya nyumba, na pembeni mahindi na mtama kidogo wa kuku. Alizeti ilikuwa imeinamisha vichwa, mbegu zimeanza kukaza, nikawa nahesabu wiki mbili tatu nivune. Wiki iliyopita nikaenda mazishini Gilgil, nikalala siku mbili. Niliporudi nilikuta maganda yametapakaa chini ya mistari yote, ukikanyaga yanalia kama makaa.

Si kwelea kwelea wala si shomoro. Ni wale kasuku wadogo wa kijani, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwa Kiswahili ni cherero, ingawa mjini wauzaji huwaita lavubadi. Wanakuja ishirini, mara thelathini, kelele unazisikia kabla hujawaona. Jana nilijificha nyuma ya tangi la maji nikamtazama mmoja kwa makini. Anakaa juu ya kichwa cha alizeti, anainama, anaanza na safu ya nje. Anachomoa mbegu, anaizungusha kwa ulimi, anapasua ganda, anadondosha, anachomoa nyingine. Akishtuka anaruka na mbegu nusu, nyingine zinamwagika. Kinachoangushwa ni kingi kuliko kinacholiwa.

Hilo ni moja. La pili ndilo limenifanya niandike hapa. Kando ya shamba kuna mgunga mkavu, mmoja wa ile iliyokufa imesimama maji ya ziwa yalipopanda. Kuna vigogota wawili ambao nimewazoea kwa miaka. Mwaka huu wakachonga tundu jipya, karibu wiki mbili, vumbi la mti linaanguka kila asubuhi nikinywa chai. Juzi nikaona kichwa kinachungulia pale tunduni. Mdomo mwekundu. Vigogota walizunguka mti ule siku mbili wakilia, siku ya tatu sikuwaona tena.

Naomba kujua kutoka kwenu: hawa ndege ni wa wapi, na nini kimefanya kazi kwa yeyote aliyejaribu? Niko tayari kufanya kazi, lakini sitaki kuharibu zaidi.

---

Mzee wa Karagita

Pole sana ndugu yangu. Nimekaa kando ya ziwa hili tangu ujana, na kwa miaka mingi nilikuwa nawaongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, kwa hiyo hawa nawajua vizuri.

Hawa si wa hapa. Asili yao ni Tanzania, na si aina moja, ni mbili. Mmoja ni yule mwenye uso wa rangi ya chungwa, kwao ni kaskazini, kusini mwa Ziwa Viktoria na pande za Serengeti. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi wa njano, huyo ni wa katikati ya Tanzania, Dodoma na kushuka kusini. Kwao hawaishi pamoja. Hapa walifika kwa vizimba: waliponyoka, wengine wakaachiliwa na wenyewe, wakakutana Naivasha wakaanza kuzaana wao kwa wao. Ndiyo maana ukiangalia kundi lako vizuri utaona vichwa vya kila rangi, chungwa iliyochafuka, kahawia, karibu nyeusi. Ni machotara. Miaka ya 1980 tayari walikuwa maelfu hapa, na wataalamu waliandika wakati huohuo kwamba wanawania matundu na ndege wenyeji. Kwa hiyo ulichokiona kwenye mgunga wako si bahati mbaya ya siku moja.

Elewa jambo hili: cherero hawezi kuchonga tundu lake mwenyewe kwenye mti. Anategemea lililochongwa na kigogota, au tawi lililooza, au nyumba yako. Goregore anahitaji tundu hilohilo. Kwezi wengine pia. Tundu ni moja, wanaolitaka ni watano.

Angalia pia jike wakati wa kujenga. Anachuna maganda ya mti kwa vipande virefu vyembamba, anavibeba mdomoni. Ukimwona na kamba hizo mfuate kwa macho, atakuonyesha anapokaa.

---

Kijana wa Longonot

Mbona mnazunguka? Chukueni mahindi, changanyeni na dawa ya wadudu, mwageni kando ya shamba asubuhi. Kufikia saa nne mambo yamekwisha.

---

NyarBunyala

Ndugu wa Longonot, nakuomba ufute hilo wazo kabisa. Nakujibu kwa heshima, lakini nimeumia kulisoma.

Mimi ni wa Bunyala, Busia, kwenye mashamba ya mpunga. Huku tumeishi na sumu. Watu walikuwa wanatumia kabofurani, dawa ya kuua wadudu kwenye udongo, wanaipaka kwenye konokono ili wawapate korongo wanaokula konokono, au wanaichanganya na mpunga kwa ajili ya mabata na njiwa. Halafu ndege wale wanauzwa, na watu wanakula. Jambo hili lilichunguzwa na kuandikwa, wala si siri ya kijiji. Nilipokuwa msichana mdogo niliona ndege bado anapiga mabawa, mtu anamtoa matumbo haraka akisema sumu haijafika kwenye nyama. Mbwa wa nyumbani kwetu alikula yale matumbo. Alikufa mbele ya mlango, miguu imekakamaa, na ndugu yangu mdogo alikuwa amekaa naye dakika chache kabla.

Sumu haina macho. Mahindi yako yatakayomwagwa kando ya ziwa ataokota njiwa, ataokota kuku wa jirani, na mwewe atamchukua njiwa aliyelewa. Tai mla samaki wa Naivasha wageni wanatoka mbali kuja kumwona. Unataka aje aokote mzoga? Na kutega wanyamapori kwa sumu ni kosa kisheria. Usiku utalala kwa hofu, na wiki ijayo cherero wengine watakuja kutoka shamba la pili kwa sababu wako maelfu.

---

Kijana wa Longonot

Nimekusikia dada. Sikuwa nimefikiria upande wa kuku na mbwa. Nina watoto wadogo pia.

---

Ja Ahero

Nyinyi wa Naivasha mna shida, lakini wacha niwaambie ya huku ili mpime. Januari 2023 kwelea kwelea walishuka kwenye mpunga wetu Kisumu kwa mamilioni. Ekari zipatazo 300 zikaharibiwa, na serikali ikaleta dawa ya kunyunyiza kwenye malalo yao, fenthioni. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Fanya hesabu: ndege milioni moja, tani 10, siku moja tu. Mama yangu alisimama ndani ya tope na debe na fimbo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza, na watoto wakakosa shule.

Sisemi hivyo kudharau alizeti yako. Nasema ujue unapigana na nani. Kwelea ni ndege wetu wa asili anayehama, anakuja kama jeshi anapita. Cherero hahami. Analala palepale, anakula palepale, anazaa palepale. Kwa hiyo njia za kwelea hazikusaidii, na hata hiyo dawa iliwatia watu wengi wasiwasi kwa sababu wanaokula kwelea waliokufa nao wanaugua, ndege kwa wanyama. Wewe una bahati moja tu: adui yako ana anwani.

---

Msukuma_Mwanza

Wakuu wa Kenya, salamu kutoka Mwanza. Nimesoma uzi huu wote na moyo unaniuma kidogo, kwa sababu huyo mnayemwita mvamizi huku ni ndege wetu.

Miaka ya 1980 cherero wa uso wa chungwa alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Walitegwa huku, wakapakiwa kwa masanduku, wakapelekwa Ulaya na kwingineko. Hao walioponyoka kwenu nadhani ni matone ya mto huohuo. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005, ukafanya zuio la kudumu 2007. Serikali yetu nayo ilisimamisha kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Lakini huku kwetu hawakurudi kuwa kama zamani, na shirika la kimataifa la uhifadhi limemweka kwenye kundi la walio karibu na hatari.

Kwa hiyo mkuu wa Kongoni, nakuelewa kabisa. Hao wa kwenu ni machotara, hawawezi kurudishwa huku kwa sababu wataharibu mbegu ya wetu. Najua kuna atakayesema tuwakamate tuwapeleke kwao; hapana, tafadhali. Ombi langu ni kwamba mkiongea na watoto msiwafundishe kumchukia ndege. Yeye hakuvuka mpaka kwa mabawa yake.

---

MkulimaKongoni (mwenye uzi)

Ndugu wa Mwanza, maneno yako nimeyasoma mara mbili, na kwa sauti nikamsomea mke wangu. Asante.

Nimechukua ushauri wa mzee na kuwafuata wale majike wenye kamba mdomoni. Nimekaa asubuhi tatu na daftari. Matokeo yamenishangaza. Nilidhani wanatoka kwenye migunga ya ziwani. Kumbe sehemu kubwa ya wanaokula shamba langu wanalala nyumbani kwangu na kwa majirani wangu wawili: chini ya fasia ya nyumba ambako mbao imeoza, kwenye matundu ya hewa ya stoo yaliyopoteza wavu, na kwenye bomba la chuma la geti la zamani lisilofunikwa juu. Viota tisa nimeviona, na viwili tu ndivyo viko kwenye mti.

Yaani tumewajengea nyumba, tukawapandia chakula mita thelathini mbele ya mlango wao.

---

Mwalimu Njoro

Hapo sasa umefika penyewe, ndugu.

Wengi wanauliza kwa nini wasimalizwe tu. Mfano ninaoujua wa kasuku wavamizi kumalizwa kabisa ni Ushelisheli, kisiwa cha Mahé. Hao walikuwa aina nyingine, wale wa kijani wenye mkia mrefu na pete shingoni, ambao kwa asili ni wa India na wa ukanda wa Sahel, na ambao Nairobi pia wameshaweka makao. Ushelisheli waliogopa wasivuke kwenda kisiwa cha Praslin kwenye kasuku wao mweusi ambaye hapatikani kwingine. Kazi kubwa ilianza 2013, wakapigwa kwa bunduki na watu waliofunzwa, wakaondolewa zaidi ya 500, na miaka ikapita wakiendelea kutafuta mmoja mmoja aliyebaki. Kile ni kisiwa, ndege walikuwa mamia, na pesa ilikuwepo. Naivasha si kisiwa na ndege ni maelfu. London wana hao wa mkia mrefu kwa maelfu na hakuna anayezungumzia kuwamaliza tena. Muda wa kumaliza ni pale ndege bado ni kumi tu. Baada ya hapo unapunguza na unazuia wasiende mbali.

Kwa hiyo nguvu yako iweke mahali pawili. Kwanza matundu ya majengo. Haya hayana kigogota wala goregore, ni ziada tuliyowapa wao, kwa hiyo ukiyaziba humdhuru mwenyeji yeyote. Ila usizibe kiota chenye makinda, watafia ndani, watanuka na ni ukatili. Jike hulalia mayai kama wiki tatu na siku kidogo, halafu makinda hukaa tunduni wiki tano au zaidi. Subiri watoke, ziba siku hiyohiyo kabla hawajarudia. Tumia bati au wavu wa chuma, maana mbao watatafuna. Viota vya mtini usiguse bila kuwauliza maafisa wa wanyamapori wa kaunti, na ukiuliza pata jibu kwa maandishi.

Pili ni shamba. Wanakula zaidi asubuhi mapema na jioni, kwa hiyo mlinzi wa kutwa ni kupoteza mtu. Weka mtu saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na saa kumi mpaka magharibi. Sanamu la mtu watalizoea kwa siku chache, ni ndege wenye akili. Kanda za kung'aa zinasaidia ukizihamisha kila baada ya siku mbili na ukiziweka wakati wa hatari tu. Vichwa vya kingo ndivyo vinavyoliwa kwanza, hivyo vifunike kwa mifuko ya neti ya vitunguu. Na hili wakulima wengi hawalifanyi: usisubiri alizeti ikauke shambani. Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa njano, mbegu imekwisha kujaa. Kata vichwa, vianike chini ya bati penye hewa. Utakuwa umewanyima wiki zile mbili wanazozingojea.

Mkipanda majirani wote kwa wakati mmoja hasara inagawanyika. Aliyepanda peke yake analisha kundi lote.

---

Mama Milimani

Mimi nafuga cherero wanne hapa Nakuru mjini, nimesoma kwa woga. Nawapenda sana. Naombeni mniambie ukweli bila kunionea haya, mimi ni sehemu ya tatizo?

---

Mzee wa Karagita

Mama, usiogope, hakuna anayekunyooshea kidole. Walioko kizimbani wakabaki kizimbani hawamdhuru mtu. Tatizo huanza mtu anapohama nyumba, au watoto wanapochoka, au ndege wanapokuwa wengi, halafu mtu mwenye huruma anafungua mlango akisema waende wakawe huru. Huruma hiyo ndiyo iliyojaza ziwa letu. Wakizidi, mpe anayejua kufuga. Mlango wa kizimba uwe na kufuli, maana wanajifunza kuinua komeo kwa mdomo. Na kasuku wanaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaonyonyoa manyoya na kuharibu mdomo, ambao unaweza kwenda kwa kasuku wetu wa porini. Kwa hiyo hata mgonjwa usimwachilie.

---

Mama Milimani

Nimeelewa baba. Kufuli nanunua kesho. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa anapanga kuwaachilia wake Desemba akihama, nitaongea naye leo usiku.

---

Ja Ahero

Niongeze swali dogo, mwalimu. Huku Kisumu pia nimeona wachache karibu na makazi ya watu. Si wengi, labda sita. Niwaache?

---

Mwalimu Njoro

Hapana, wewe ndiye uko kwenye ule wakati wa "kumi". Piga picha, andika tarehe, mahali na idadi, peleka kwa maafisa wa wanyamapori na kwa watu wa jumba la makumbusho. Endelea kuhesabu kila mwezi. Sita wakiwa kumi na wawili mwakani utakuwa na ushahidi, si hadithi.

---

MkulimaKongoni (mwenye uzi)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki saba.

Alizeti niliyobaki nayo nilikata migongo ilipogeuka njano, nikaanika stoo juu ya magunia. Nimepata debe tatu na nusu. Msimu uliopita kutoka robo ileile nilipata gunia, kwa hiyo hasara ipo, lakini baada ya kukata sikupoteza hata mbegu moja kwa ndege.

Viota vya nyumba tulivingoja. Cha bomba la geti kilikuwa na makinda manne. Yalipotoka yalikaa kwenye uzio siku tatu yakilishwa na wazazi wao, na watoto wangu wakakatazwa kurusha mawe. Walipoacha kurudi nikafunika bomba kwa kofia ya chuma aliyonichomea fundi wa kona. Fasia nimebadilisha ubao na kupigilia bati ukingoni. Jirani wa kulia naye amefanya. Wa kushoto anasema anawapenda, wanampendezea macho, na mimi sikugombana naye. Nilimpelekea chai nikamwonyesha daftari langu. Amesema atafikiria.

Mgunga mkavu jirani walitaka kuukata uwe kuni. Nimewaomba waniachie na wamekubali. Nimewauliza maafisa kuhusu kile kiota cha cherero kilicho juu yake, wakasema watakuja kuona, bado nangoja.

Jana saa moja asubuhi nilisikia mlio ninaoujua. Nikatoka na kikombe mkononi. Kigogota mmoja, dume, alikuwa upande wa chini wa tawi la pili, mbali na lile tundu la kwanza, anagonga, anasimama kusikiliza, anagonga tena. Leo asubuhi kulikuwa na vumbi jeupe chini ya mti, kiasi cha kujaza kijiko. Jike sijamwona bado. Nimeweka kiti pale nyuma ya tangi.